Bill Robinson

Bill Robinson (jina la kuzaliwa: Luther Robinson, 25 Mei 1878 – 25 Novemba 1949) alikuwa mcheza dansi, mtunzi wa dansi na mwigizaji kutoka nchini Marekani. Anafahamika zaidi kwa jina lake la utani, Bojangles. Alikuwa bingwa wa dansi ya tapu, na anahesabiwa kuwa miongoni mwa wasanii Weusi waliolipwa vizuri zaidi nchini mwake katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Anakumbukwa hasa kwa dansi yake ya ngazi na kwa filamu nne alizocheza pamoja na mtoto nyota Shirley Temple. Kazi yake ilidumu zaidi ya miaka hamsini. Muda wote huo aliifanya chini ya desturi za ubaguzi wa rangi zilizoamua msanii Mweusi asimame wapi jukwaani, asimame na nani, na avae nini.

Dansi ya tapu

Tapu ni dansi ambayo mchezaji hutoa mdundo kwa viatu vyake. Katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki mchezaji hufunga njuga miguuni ili kila kishindo kisikike. Katika tapu kiatu chenyewe ndicho njuga, na sakafu ya mbao ndiyo ngoma. Mchezaji anakuwa mcheza dansi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja, na kosa lake halifichiki: hata asiyeona vizuri jukwaani atalisikia.

Dansi hii ilizaliwa Marekani, pale ngoma za watumwa kutoka Afrika zilipokutana na dansi za wahamiaji kutoka Ireland na Uingereza. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono mwaka 1739, koloni la South Carolina lilitunga sheria ya kuwakataza watumwa kupiga ngoma, kwa kuwa mabwana waliogopa kwamba ngoma hutumika kuitana vitani. Mdundo haukufa. Ulihamia kwenye makofi, mapaja na nyayo. Katika miaka ya 1840 kijana Mweusi aliyeitwa William Henry Lane, maarufu kama Master Juba, alikuwa tayari anajulikana New York kwa kuchanganya mitindo ya pande zote mbili, na mwaka 1848 alicheza mjini London. Robinson alizaliwa miaka thelathini baada ya hapo, akaikuta dansi hiyo ikichezwa mitaani.

Maisha ya awali

Robinson alizaliwa katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, ambao miaka michache tu kabla ulikuwa mji mkuu wa majimbo ya kusini yaliyopigana ili utumwa uendelee. Baba yake, Maxwell, alikuwa fundi katika karakana ya mashine, na mama yake, Maria, alikuwa mwimbaji wa kwaya. Wote wawili walifariki Robinson angali mtoto mdogo. Yeye na mdogo wake wakalelewa na bibi yao, Bedilia Robinson, ambaye aliwahi kuwa mtumwa. Bibi huyo alikuwa mwumini wa Kibaptisti na hakupenda dansi.

Mtoto hakupenda jina la Luther. Kwa masimulizi yanayojulikana zaidi, alimlazimisha mdogo wake, aliyeitwa Bill, wabadilishane majina. Mdogo wake naye hakulitaka jina hilo la Luther, akajiita Percy, na baadaye akawa mpiga ngoma. Kuhusu jina la Bojangles kuna simulizi mbalimbali, na Robinson mwenyewe hakuchoka kuziongezea chumvi.

Akiwa na umri wa miaka mitano au sita alianza kucheza kwenye mabaa ya bia ya Richmond na nje ya kumbi za maonyesho, akitupiwa senti na wapita njia. Alipofika miaka kumi na miwili hivi alitorokea Washington, akafanya vibarua kwenye uwanja wa mbio za farasi huku akicheza jioni. Muda si mrefu akaajiriwa katika onyesho lililoitwa The South Before the War. Siku zile waimbaji wazungu walizoea kuzungukwa na watoto Weusi waliocheza nyuma yao kama pambo, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kwanza ya Robinson jukwaani. Alipokua mrefu kupita kiasi kwa kazi hiyo, nafasi ikaisha.

Shindano la mwaka 1900

Mwaka 1900 Robinson alikuwa New York, akihudumu mezani na kucheza popote alipopata nafasi. Katika ukumbi wa Bijou, mtaa wa Brooklyn, kulikuwa na onyesho lililoitwa In Old Kentucky, ambalo kila wiki liliandaa shindano la dansi. Nyota wa onyesho hilo, Harry Swinton, alihesabiwa kuwa mmoja wa wachezaji bora wa wakati huo. Tarehe 30 Machi 1900 Robinson alishindana naye akamshinda na kuchukua medali ya dhahabu. Mshindi huyo alikuwa na umri wa miaka 21. Tangu siku hiyo wenye kumbi walianza kumjua kwa jina.

Kanuni ya watu wawili

Burudani kubwa ya Marekani kabla ya sinema ilikuwa vodevili, yaani maonyesho ya mchanganyiko yaliyozunguka kutoka mji hadi mji. Katika jioni moja watazamaji waliona mwimbaji, mchekeshaji, mbwa waliofundishwa, mfanya mazingaombwe na mcheza dansi. Kumbi zilimilikiwa na makampuni makubwa yaliyowaandikia wasanii ratiba ya msimu mzima. Aliyeingia katika mzunguko wa Keith au wa Orpheum alikuwa na uhakika wa mkate.

Katika kumbi hizo kulikuwa na desturi kwamba msanii Mweusi asipande jukwaani peke yake. Walitakiwa wawe wawili au zaidi. Mtu Mweusi aliyesimama peke yake mbele ya watazamaji wazungu, akiwatazama machoni na kuwashika kwa kipaji chake tu, alionekana kuvuka mpaka. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 1902 Robinson aliungana na mchekeshaji George W. Cooper. Cooper alikuwa mtu makini wa kuanzisha mazungumzo, na Robinson alikuwa mpumbavu wa kuyavuruga, akiwa amevaa sketi ya dansi juu ya suruali. Walichekesha na kuimba, na dansi ilikuwa kidogo tu. Hata hivyo, walikataa jambo moja ambalo wasanii wengi wa rangi zote walilifanya, nalo ni kujipaka masizi usoni ili kuigiza Mtu Mweusi wa kubuniwa.

Walidumu pamoja miaka kumi na miwili hivi. Hii ina maana kwamba mcheza dansi huyu alitumia miaka yake ya ujana, ambayo kwa wachezaji wengi ndiyo ya nguvu, akiwa hasa mchekeshaji. Mwaka 1908, mjini Chicago, alikutana na Marty Forkins, aliyekuja kuwa meneja wake kwa maisha yake yote. Baada ya kuachana na Cooper mnamo 1914, Forkins alimsukuma kama msanii wa pekee. Robinson akawa mmoja wa Weusi wa kwanza kuivunja desturi ile na kupanda peke yake kwenye majukwaa makubwa ya vodevili.

Namna alivyocheza

Wachezaji waliomtangulia, akiwemo King Rastus Brown, waligonga sakafu kwa wayo mzima, karibu na ardhi. Robinson aliinyanyua tapu ikasimama kwenye ncha za miguu. Mwili wake ulinyooka, mabega yalitulia, mikono ilining'inia bila haraka, na kazi yote ilifanyika kuanzia magoti kwenda chini. Mtu angeweza kudhani anatembea tu. Uso wake ulisaidia kueleza: alitazama miguu yake kwa mshangao, kana kwamba imefanya jambo bila kumwomba ruhusa.

Alivaa viatu vyenye soli ya mbao. Kipande cha mbao kilifungwa sehemu ya mbele tu na kuachwa kikiwa kimelegea kidogo, kikatoa sauti kavu na safi. Hata vipande vya chuma vilipoenea miongoni mwa wachezaji, yeye alibaki na mbao. Hakuwa na hatua nyingi kama wengine, wala hakuruka sarakasi. Sifa yake ilikuwa usawa: kila mgongo wa sauti ulitoka kwa nguvu aliyoikusudia na kwa wakati wake, na mguu wa kushoto haukuwa mnyonge wa ule wa kulia.

Wanaoandika historia ya tapu humweka kando ya John W. Bubbles, aliyekuwa mdogo wake kwa zaidi ya miaka ishirini. Bubbles alishusha visigino na kuuvunja mdundo katika vipande visivyotabirika, akafungua njia ya tapu ya jazi. Robinson alibaki na mpangilio wa wazi ambao msikilizaji aliweza kuufuata hadi mwisho. Ni mitindo miwili tofauti, na wachezaji wa leo wamekopa kwa wote wawili.

Dansi ya ngazi

Mnamo 1918, katika ukumbi wa Palace mjini New York, Robinson alionyesha dansi ya kupanda na kushuka ngazi. Chanzo chake alikisimulia kwa namna zaidi ya moja. Safari moja alisema aliona marafiki zake wameketi mbele akashuka vipandio vya jukwaa akicheza ili kuwasalimia. Safari nyingine alisema aliota ndoto kwamba mfalme wa Uingereza anampa cheo, naye akampandia ngazi kwa dansi.

Baadaye alitengenezewa ngazi fupi ya kubebeka, ya kupandia upande mmoja na kushukia mwingine. Kila kipandio kilitoa sauti tofauti, hivyo ngazi nzima ilikuwa kama marimba. Alianza kwa mdundo rahisi kwenye sakafu, akaupeleka kipandio cha kwanza, akaurudia kwenye cha pili kwa sauti nyingine, akasita, akarudi nyuma, akavuka kilele.

Robinson hakuwa mtu wa kwanza kucheza kwenye ngazi, na wazee wa kazi hiyo waliwataja wengine waliomtangulia. Lakini yeye ndiye aliyeifanya kuwa kazi kamili yenye mwanzo na mwisho, na aliilinda kwa wivu. Alijaribu hata kuipatia hataza serikalini, kama mtu aliyevumbua mashine. Ombi hilo halikukubaliwa. Sheria ya wakati huo haikumpa mtunzi wa dansi kinga yoyote ya maana, na hatua za wachezaji Weusi zilichukuliwa na kupelekwa kwenye majukwaa ya wengine kila msimu. Ulinzi pekee aliobaki nao ulikuwa umaarufu: kila aliyecheza kwenye ngazi aliambiwa kwamba anamwiga Bojangles.

Broadway

Umaarufu wake kwa wazungu wa New York ulikuja akiwa na umri ambao wachezaji wengi wameshastaafu. Onyesho la Blackbirds of 1928, lililoandaliwa na Lew Leslie kwa wasanii Weusi na watazamaji wazungu, lilifunguliwa tarehe 9 Mei 1928. Robinson aliongezwa humo, akatimiza miaka 50 mwezi huohuo. Kila jioni alitoka katika nusu ya pili, akacheza dansi ya ngazi kwa wimbo mmoja, akaondoka. Wakosoaji wa magazeti, ambao wengi wao hawakuwahi kumwona licha ya miaka yake mingi ya vodevili, walimwandika kana kwamba ametokea usiku ule. Onyesho lilirudiwa mara 518. Mwaka 1930 alicheza katika Brown Buddies pamoja na Adelaide Hall, mwenzake wa Blackbirds.

Mwaka 1939, akiwa na miaka 60, aliongoza The Hot Mikado, ambayo ni opereta ya Gilbert na Sullivan iliyogeuzwa kuwa ya muziki wa swing. Alicheza nafasi ya mfalme akiwa amevaa dhahabu tangu kofia hadi viatu. Baadaye onyesho hilo lilihamishiwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York.

Filamu

Robinson alionekana katika filamu ya Dixiana (1930) na akawa mhusika mkuu wa Harlem Is Heaven (1932), iliyotengenezwa kwa ajili ya watazamaji Weusi. Lakini iliyompeleka duniani kote ni The Little Colonel ya mwaka 1935. Humo alikuwa mtumishi wa nyumba ya bwana wa kusini, na Shirley Temple, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa mjukuu wa bwana huyo. Mtoto anakataa kwenda kulala, mtumishi anamwonyesha namna ya kupanda ngazi kwa dansi, kisha wanapanda wote wameshikana mikono.

Inaaminika kuwa hao walikuwa jozi ya kwanza ya Mweusi na mzungu kucheza dansi pamoja katika filamu ya Hollywood. Katika miji kadhaa ya kusini sehemu ya kushikana mikono ilikatwa kabla ya filamu kuonyeshwa. Mzee wa miaka 56 na mtoto wa miaka sita hawakuruhusiwa kugusana mbele ya macho ya watu, ingawa hadithi yenyewe ilimweka mzee huyo katika nafasi ya utumishi.

Ili dansi hiyo iwezekane, Robinson aliirahisisha bila kuiharibu. Temple hakuwa na wakati wa kujifunza hatua zote, basi alifundishwa kupiga teke ubao wa wima wa kila kipandio, sauti ikatoka ileile. Walifanya filamu nyingine tatu: The Littlest Rebel (1935), Rebecca of Sunnybrook Farm (1938) na Just Around the Corner (1938). Katika Dimples (1936) Robinson hakuonekana kama mwigizaji, bali alitunga dansi za mtoto huyo. Temple alimwita Mjomba Billy, na urafiki wao uliendelea nje ya kamera.

Nafasi alizopewa Hollywood zilikuwa karibu zote za mtumishi au mtumwa mwenye furaha. Mwaka 1936 Fred Astaire alimpa heshima katika filamu ya Swing Time kwa dansi iliyobeba jina la Bojangles, lakini aliicheza akiwa amejipaka rangi nyeusi usoni, jambo ambalo Robinson alilikataa tangu ujana wake. Na hatua zenyewe zilifanana zaidi na za Bubbles.

Mwaka 1943 alipata nafasi ya tofauti katika Stormy Weather, filamu yenye waigizaji Weusi iliyofuata kwa mbali maisha yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 65 hivi, na mpenzi wake katika hadithi, Lena Horne, alikuwa na miaka 25. Wanaoitazama leo humkumbuka zaidi Fats Waller, Cab Calloway, na hasa ndugu wawili wa familia ya Nicholas wanaoshuka ngazi kubwa kwa kurukiana vichwani na kutua kwa kuchanua miguu. Ilikuwa ngazi, lakini zamu ilikuwa ya vijana. Hiyo ndiyo filamu yake kubwa ya mwisho.

Fedha, lawama na hisani

Katika kilele chake inasemekana alilipwa hadi dola 3,500 kwa wiki, na jumla ya mapato yake hukadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni mbili. Hakunywa pombe wala kuvuta sigara. Udhaifu wake ulikuwa aiskrimu, aliyokula kwa wingi wa ajabu, na kamari, iliyokula fedha zake. Aliwahi kuoa mara tatu: Lena Chase, Fannie Clay, na mwaka 1944 Elaine Plaines.

Wakazi wa Harlem walimpa cheo cha heshima cha meya wao. Alishiriki kuanzisha timu ya besiboli ya New York Black Yankees na Chama cha Waigizaji Weusi cha Marekani, na alicheza bure katika maonyesho mengi ya kuchangia kanisa, hospitali au familia iliyofiwa. Mwaka 1933, alipotembelea Richmond, aliona watoto wakihangaika kuvuka njia panda ya mitaa ya Leigh na Adams, katika eneo la Jackson Ward alikokulia. Akalipia taa za kuongozea magari mahali hapo.

Pamoja na hayo, katika miaka ya 1940 vijana Weusi walianza kumlaumu kuwa kibaraka aliyewachekesha wazungu kwa kucheza mtumishi. Lawama hiyo ilimuumiza. Waliomtetea walikumbusha kwamba yeye ndiye aliyesimama peke yake jukwaani wakati ambapo wenzake walikatazwa. Waliomlaumu walijibu kwamba sinema ilimrudisha nyuma, na kwamba watu wengi zaidi walimwona akiwa mtumishi kuliko waliomwona Palace. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake.

Kifo na kumbukumbu

Robinson alifariki mjini New York kwa ugonjwa wa moyo tarehe 25 Novemba 1949, akiwa na umri wa miaka 71. Hakuacha mali. Mazishi yalisimamiwa na kugharimiwa na rafiki yake, mtangazaji Ed Sullivan. Mwili uliwekwa katika ukumbi wa kikosi cha 369 huko Harlem, na maelfu ya watu walipita mbele ya jeneza. Shule za Harlem zilifungwa ili watoto waweze kumuaga. Adam Clayton Powell Jr., mchungaji na mbunge, alihubiri katika ibada iliyofanyika Kanisa la Abyssinian Baptist. Alizikwa katika makaburi ya Evergreens, Brooklyn.

Mwezi uliofuata wachezaji wa New York, wakiwemo Charles Coles na Charles Cook, waliunda chama kiitwacho Copasetics kutokana na neno ambalo Robinson alilipenda, lenye maana ya kwamba mambo ni shwari. Wakati tapu ilipopoteza soko katika miaka ya 1950, chama hicho kilikuwa mojawapo ya mahali ambapo hatua za zamani zilihifadhiwa na kufundishwa. Mwaka 1989 Rais George H. W. Bush alitia saini azimio la kuifanya 25 Mei, siku ya kuzaliwa ya Robinson, kuwa siku ya kitaifa ya dansi ya tapu.

Wimbo maarufu uitwao Mr. Bojangles wa Jerry Jeff Walker haumhusu yeye. Huo unamsimulia mcheza dansi mwingine wa mitaani aliyejiita kwa jina hilo.

Mjini Richmond kuna sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 1973, inayomwonyesha akishuka ngazi kwa dansi. Ipo kwenye njia panda ya Leigh na Adams, pale alipolipia taa.